Kupima Nyonga Kutoka Nyanchwa Hadi Nyamira

Tangu nirudi Malindi, kila anayepita barazani kwetu ananiuliza swali lile lile: Rehema, ulikwenda Kisii kupima nini hasa? Nikijibu "nyonga" mnacheka, mnaondoka, kesho mnaniuliza tena. Basi nimekaa chini niandike mara moja, mjue yote. Habari za tiketi na barua za ruhusa nimewaondolea, hazina utamu wowote.

Kazi yangu mnaijua nusunusu. Nashinda na mifupa ya kale, na zaidi ya yote mifupa ya mama mmoja ambaye mimi humwita Bibi. Bibi aliishi zamani mno, kabla watu hawajawa watu kama sisi. Alitembea kwa miguu miwili, na kimo chake kingefika kifuani kwangu, nami mwenyewe mnanijua nilivyo. Yote yaliyobaki ya mwili wake yanaenea kwenye sinia moja ya pilau: kichwa cha mfupa wa paja, mbavu tatu, na upande mmoja wa nyonga uliobonyea kwa kulaliwa na mawe. Kwa vipande hivyo tunatakiwa tumrudishie mwili. Kichwa cha mfupa wa paja hutudokezea uzito, kwa kuwa ndicho kilichoubeba. Nyonga hutudokezea upana, lakini yake imebonyea, haipimiki. Ukishapata urefu na upana wa mtu, umbo lake huanza kujitokeza taratibu, na mimi ndipo ninapopotea. Naweza kukaa saa nzima na kikombe cha chai kilichopoa, namwangalia Bibi akipanda mlima ambao haupo tena.

Mkubwa wangu wa kazi alikwisha kuamua kwamba Bibi alikuwa mfupi, kwa hiyo alikuwa mwembamba. Sanamu yake ingefinyangwa hivyo, isimamishwe makumbushoni mbele ya watoto wa shule. Mimi nilikasirika. Ufupi ni jambo moja na wembamba ni jambo jingine, na kanuni tunazotumia kukisia mwili kutokana na mfupa zilitengenezwa kwa kupima watu warefu wa nchi nyingine. Nikaambiwa, haya, kama una uhakika, tuletee vipimo vya wanawake thelathini wafupi, walio hai, wazima, waliozoea kazi ya milimani. Si kwamba wanafanana na Bibi, la. Ni watu kama mimi na wewe. Tulitaka kujua tu kama mfupa wa nyonga hupungua kila mwili unapopungua urefu.

Niseme mapema lililo jepesi ili mpumue. Vipimo vilipatikana, na Bibi amepata upana wake. Lililonirudisha nyumbani nikiwa kimya ni jingine.

Nyanchwa

Mwenyeji wangu alikuwa mama mzazi wa rafiki yangu wa kazini, muuguzi mstaafu anayekaa kilimani Nyanchwa, juu kidogo ya mji. Mtaa mzima humwita Sista Kwamboka. Ni mrefu, mkavu, ana sauti ya mtu aliyezoea kuamuru wagonjwa wavute pumzi. Nilifika Ijumaa alasiri nikitetemeka kwa baridi. Aliniangalia miguuni, nilikuwa nimevaa kandambili, akatikisa kichwa.

"Utaanza lini hii kazi?"

"Kesho asubuhi, mama, Mungu akipenda."

"Kesho ni Sabato. Hakuna kupima mtu."

"Lakini mama, siku zangu ni chache."

"Huyo bibi yako amengoja mamilioni ya miaka. Atangoja mpaka kesho jioni."

Basi nikangoja pamoja na Bibi. Chakula kilikwisha kupikwa Ijumaa kabla jua halijazama: ugali wa wimbi, mweusi na mzito, na mboga ya chinsaga iliyolazwa kwenye maziwa mpaka uchungu wake ukalainika. Tonge la kwanza nililitazama kwa mashaka. La tano sikulitazama. Jumamosi Sista alikwenda kanisani na mimi nikakaa kwenye nyasi nje ya ua wake, ukungu ukipanda kutoka bondeni na kushuka tena, nikawatazama wanawake wakirudi na vitabu vyao vya nyimbo. Warefu kwa wafupi, wote walikuwa wakiteremka mlima kwa mwendo mmoja wa polepole, magoti yamelegea. Nikajiuliza Bibi naye aliteremka vipi. Nadhani nilisinzia, kwa maana nilimwona katikati yao, hana kitabu, anaangalia asikanyage matope.

Jioni, jua lilipozama, Sista alikuja na daftari jipya. Tukapanga njia: Marani kwanza, kisha tupande Manga, kisha Nyamira. Yeye angetafsiri na kuvitafutia vidole vyangu ncha za mifupa, kwa kuwa mikono yake inaijua miili kuliko yangu. Hakutaka malipo yoyote. Alitaka kitu kimoja tu.

"Kule Nyamira iko mwanamke mmoja, anaitwa Bosibori. Ni mfupi kabisa. Huyo lazima apimwe. Ukipima thelathini bila yeye, mimi sijakusaidia."

"Ni ndugu yako?"

"Hapana," akasema, akaenda kufunga mlango wa kuku.

Daraja Mbili

Hatukupaswa kusimama Daraja Mbili. Tulisimama kwa ajili ya meno yangu, yaliyokuwa yakigongana. Sista alisema hawezi kupanda Manga na mtu anayepiga ngoma kwa mdomo, akaniingiza sokoni, tukapita kwenye mikungu ya ndizi iliyolazwa chini kama watoto wa chekechea saa ya kulala, mpaka kwenye marundo ya nguo za mitumba.

Muuzaji alikuwa mama mnene mwenye aproni ya mifuko mingi. Nilitaka sweta na suruali nzito ya kuvaa chini ya buibui. Hakuniuliza saizi. Alichomoa suruali kwenye rundo, akaufunga mkanda wake, akanizungushia shingoni mwangu mbele ya watu, ncha mbili zikakutana nyuma.

"Inakutosha. Chukua."

"Shingoni?"

"Shingo ndio inasema kiuno. Mara mbili. Hujui hii?"

Mnanielewa ninavyokuwa nikisikia jambo kama hilo. Nimesoma miaka mingi kujifunza kukisia mwili kutokana na kipande, na hapa kuna mtu anafanya hivyo kutwa nzima. Nikamuuliza kila kitu. Mkono mpaka kwenye kiwiko je? Mabega je? Akanijibu yote bila kuacha kukunja nguo. Nikamuuliza, na ukimwona mtu mguu tu, unaweza kumjua mwili?

"Mguu?" Akacheka. "Mguu ni ya kudanganya. Niko na wateja ya mguu ndogo kama ya mtoto, na kiuno mpaka natafuta rundo yote. Mguu haisemi kitu, dada."

Nikageuka nimshirikishe Sista utamu huo. Alikuwa amesimama na sweta mkononi, ameishika tu. Alisema imekuwa saa nne, tutachelewa, akatoka mbele yangu bila kungoja chenji.

Marani

Marani tulikwenda kwa pikipiki mbili. Huko kulikuwa na chama cha akina mama ambacho binamu yake Sista alikuwa mwenyekiti wake, na walikwisha kutukusanyikia kwenye ukumbi wa mabati, wafupi kwa hiari yao wenyewe, wengine wakiwa wamebishana njiani nani ni mfupi kuliko nani. Sista aliomba radhi aende msalani. Mimi, kwa kiherehere changu, nikaona nisiwakalishe bure. Nikasimama.

"Hamjambo, mama zangu. Mimi ni Rehema, nimetoka pwani. Nimekuja kupima nyonga zenu. Hamtaumia, na kila mmoja atachukua dakika chache tu."

Nikakitoa kipimo changu. Hamjakiona: ni rula ndefu ya mbao yenye mikono miwili inayofunguka na kufungika, mfano wa koleo la mhunzi.

Mama wa mbele akavuta mkoba wake mapajani.

"Unataka kunyonga nani?"

"Nyonga zenu, mama. Za wote."

"Sisi wote?"

"Mmoja mmoja, kwa zamu."

Walisimama kwa pamoja, viti vikaanguka. Mmoja alikuwa tayari nje, akiita jina la mumewe. Mwingine, mfupi kuliko wote, alibaki amenikabili na mwavuli wake. "Sisi tumekosea nani?" akaniuliza. "Serikali inajua?" Nami ndipo nikaanza kueleza kwa Kiswahili kirefu zaidi, kuhusu mifupa na wafu wa zamani, na kila nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kurudi nyuma.

Sista aliporudi alikuta nusu ya wanachama wako kwenye shamba la mahindi. Alisikiliza pande zote mbili, kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyu anaita nyonga hii hapa," akawaambia, akajipiga kwenye mfupa wa kiuno. "Huko kwao ni jina ya mfupa. Si kunyonga ya kamba."

"Sasa kwa nini hasemi kiuno?" akauliza mwenye mwavuli.

"Kiuno ni juu kidogo," nikasema, maana ubishi umo damuni.

"Dada, hiyo Kiswahili yenu ya pwani iko na hatari. Utapigwa mawe siku moja."

Walirudi wote. Nilipima kumi na wanne, na kila aliyelala kwenye mkeka aliinua shingo kwanza akaishika, wenzake wakaangua kicheko. Tulikula ndizi za kuchemsha na parachichi lililokatwa nusu kwa nusu na kutiwa chumvi. Nilipotazama daftari nilizisoma namba mara mbili. Wafupi wale walikuwa na upana wao kamili. Mwenye mwavuli, niliyemzidi kimo kwa kichwa kizima, alinipungukia upana kwa sentimita moja tu.

Manga

Habari zilitutangulia. Tulipoanza kupanda Manga watu walitoka kwenye vibaraza kutuangalia, na mzee mmoja akamuuliza mwendesha pikipiki kama sisi ndio "watu wa kunyonga". Huko nilipima sita tu, tena kwa kubembeleza.

Kisha ikanyesha. Mvua ya kwetu hupiga kelele ikapita. Ile ya Manga ilishuka bila haraka, ikafuta bonde, ikafuta miti ya mikaratusi, ikafuta barabara mbele yetu. Pikipiki iliyobeba mizigo iliteleza. Mtu hakuumia, ila mizani yangu ya kupimia uzito ilitumbukia mtaroni na ilipotolewa ilikuwa imekufa, inaonyesha alama zisizosomeka. Tulijibanza kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, tukaketi juu ya kreti za soda. Nilitaka kulia kwa ajili ya mizani. Badala yake nilitazama ukungu, na ukungu ule una tabia ya kumpa mtu chochote anachokitafuta. Nilimwona Bibi akipita ukingoni mwa mlima, mabega yameloa. Nikamtafuta kiuno chake, lakini ukungu ulimfunika kuanzia kifuani kwenda chini.

"Rehema," Sista akasema. "Mtu anaweza kujua nyonga ya mtu kwa kuangalia mguu?"

"Yule mama wa mitumba amekwisha kujibu."

"Mimi nakuuliza wewe. Wewe ndio umesoma."

Nikamwambia kwa wastani, ukipima watu wengi sana, mguu na kimo na nyonga huelekeana kidogo. Lakini ukiletewa mtu mmoja, mguu wake hauwezi kukupa nyonga yake. Unakisia tu.

Maji ya paa yakajaza ndoo ya mwenye duka. Kisha Sista akanieleza, akiangalia mvua.

Alikuwa muuguzi mpya, katika kliniki ndogo ambayo siku hizi haipo. Siku moja mama mmoja alimleta msichana aliyekuwa amechumbiwa na mwanawe. Msichana alikuwa mfupi mno, na mama alitaka kujua kama ataweza kuzaa. "Tulikuwa tumefundishwa, mtu mfupi, mguu ndogo, huyo chunga, nyonga yake inaweza kuwa ndogo. Chunga. Walisema chunga, hawakusema kataza. Mimi nilimwambia avue viatu. Nikaangalia mguu. Ilikuwa ndogo hivi. Sikumgusa, Rehema. Hata mkono sikuweka. Nikaambia yule mama, huyu hatazaa, akijaribu atakufa. Nilisema hapo kwa benchi, watu wamejaa, wote wanasikia."

"Na uchumba?"

"Ukaisha hiyo wiki. Na wengine wakisikia, nani angekuja? Hakuolewa. Mimi nimezalisha wanawake miaka thelathini na kitu. Nimezalisha wafupi kama yeye, mguu kama yake, mtoto anatoka analia. Kila mmoja nikimshika mtoto, nilikuwa namkumbuka Bosibori."

Nakiri kwamba kwa mara ya kwanza katika safari ile nilimsahau Bibi. Nilimuuliza anataka nini tukifika. Alisema anataka apimwe vizuri, na kipimo kikiwa kizuri amwambie kwamba alikosea. Nikamuuliza, na kikiwa kidogo?

"Basi nitajua sikukosea," akasema. Lakini uso wake haukuonekana kupata nafuu kwa hilo pia.

Nyamira

Kabla ya Bosibori ilibidi nikamilishe wengine, na bila mizani sikuwa na uzito wa mtu. Sista ndiye aliyewaza kituo cha kununulia majani chai, kilima cha pili kutoka mjini. Wanawake hufika pale alasiri na vikapu vyao, na karani ana mizani ya kuning'iniza inayobeba hadi kilo mia. Tukafunga gunia kwa kamba likawa kama kiti cha bembea. Tisa walikubali, kwa kelele na kusukumana, wakaning'inia mmoja mmoja wakiwa na mabuti yao ya mvua, na karani akawasomea uzito kwa sauti ile ile anayosomea majani.

Wa saba alipopanda nilikuwa karibu na mizani nikaona arobaini na tisa.

"Arobaini na saba," akasema karani.

"Kaka, hapo si arobaini na tisa?"

"Nimetoa ya gunia. Na nimetoa ya maji."

"Maji gani?"

"Mvua imenyesha. Ikinyesha tunatoa ya maji."

"Lakini huyu ni mtu!"

Alinitazama, akamtazama mama aliyening'inia, akaona haya kidogo. "Mkono imezoea," akasema. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mmoja alisema ndio kwanza amejua kwa nini anajisikia mwepesi akitoka pale. Ilibidi niwarudishie wote saba kilo zao kwenye daftari, kisha niondoe za mabuti.

Ishirini na tisa. Mama mmoja wa mwisho kupimwa alikuwa jirani yake Bosibori, akatuongoza kwenye kijia katikati ya michai, yeye mbele na kikapu kitupu, wenzake watatu nyuma kwa sababu nyumba zao ziko upande huo huo. Michai ilikuwa imeloa na buibui langu liliganda miguuni.

Tulikaribishwa na mwanamke wa miaka thelathini hivi, Kerubo, mwenye unga mikononi.

"Karibuni. Kaeni. Baba anakuja, ako kwa ng'ombe."

Nikajitengeneza. Nikapanga maamkizi ya kumpa mzee wa nyumba, nikajifunika vizuri kichwa, nikageukia mlango kwa heshima zote. Akaingia mwanamke mzee, kimo cha mtoto wa darasa la nne, amebeba ndoo ya maziwa. Nikaendelea kuchungulia nyuma yake.

"Huyu ndiye Baba," Kerubo akasema. Sista akaninong'oneza kwamba kwa Kigusii mama huitwa hivyo. Kerubo ni mtoto wa kaka yake Bosibori. Alilelewa na shangazi yake huyo tangu mama yake alipofariki, na hajawahi kumwita jina jingine.

Bosibori aliweka ndoo chini. Alimtazama Sista Kwamboka.

"Umezeeka," akasema kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu.

"Nimezeeka, Bosibori."

"Nilisikia iko watu wanapima wanawake wafupi. Nikasema, hao watafika hapa."

Nikaeleza kazi yangu, safari hii kwa maneno machache na bila nyonga ndani yake. Nikamwambia anaweza kukataa na hakuna atakayemlaumu. Alisikiliza, akakausha mikono.

"Nitapimwa. Lakini si wewe utapima. Ni huyu. Siku ile hakunigusa."

Kerubo alirudi jikoni. Majirani walibaki kibarazani wakifungua chupa ya chai. Tukatandika mkeka. Bosibori akalala chali, miguu imenyooka, macho kwenye mabati. Sista akapiga magoti. Mikono iliyopata ncha za mifupa ya wanawake ishirini na tisa bila kutafuta ilikosea mara mbili. Mara ya tatu akapata, akafunga mikono ya kipimo taratibu, akainama kusoma, akasoma tena.

"Ngapi?" Bosibori akauliza.

"Sentimita ishirini na saba na nusu."

Mimi nina ishirini na saba. Nilikuwa na kalamu mkononi na furaha ilinijia, ndugu zangu, naona aibu kuisema, kwa sababu ilikuwa furaha ya Bibi na haikuwa na nafasi chumbani mle.

"Hiyo ni ndogo?"

"Si ndogo," Sista akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Ilitosha, Bosibori. Ilikuwa inatosha. Nilikukosea."

Bosibori hakumtazama. Aliinuka, akakaa kwenye mkeka, akanigeukia mimi.

"Wewe mtu wa mifupa. Huyu anasema ukweli, ama ananihurumia?"

Nilitamani sana niseme ndiyo. Neno lilikuwa fupi na kila mtu mle ndani angelipokea. Lakini alikuwa ameniangalia kama mtu anayeuliza njia, na sikuweza kumpa njia nisiyoijua.

"Mama, kipimo hiki ni cha nje. Njia ya mtoto iko ndani, na hiki hakifiki huko. Siwezi kusema ungezaa salama. Siwezi kusema usingezaa."

"Na mguu?"

"Mguu haukuwa na jibu."

"Kwa hivyo huyu hakuwa anajua."

"Hakuwa anajua, mama."

Akaitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi. "Hiyo ndio nimekuwa nikingoja mtu aseme. Kutosha nitafanyia nini saa hii? Mimi nilitaka tu kujua kama alijua." Akamgeukia Sista, aliyekuwa bado amepiga magoti na kipimo mapajani. "Sema wewe."

"Sikujua," Sista akasema.

"Siku ile ulisema kwa Kigusii. Na watu walikuwa wanasikia."

Akaita jikoni, Kerubo akaja. Akaita kibarazani, majirani wakaingia na vikombe vyao, wakajaa mlangoni, mmoja nyuma ya mwingine, hawajui wameitiwa nini. Sista Kwamboka akavuta pumzi, akasema kwa Kigusii, sentensi moja tu, kisha ya pili fupi zaidi. Sijui Kigusii, wala sikuomba nitafsiriwe. Kerubo alifunika mdomo kwa mkono wenye unga.

Bosibori alisikiliza ameinamisha kichwa upande, akifuata neno kwa neno. Ilipokwisha alitazama mlangoni.

"Rudia," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."

Sista akarudia.